Cherehani ya urithi: ikague na uipangie bei kabla hujaitangaza

Somo la leo ni kuhusu vitu vya zamani vya urithi. Kila mara naletewa picha inboksi: "Bosi, hii Singer ya marehemu bibi, ya kale kabisa, niweke bei gani?" Ukifungua picha, imepigwa usiku, kwa mbali, na nusu ya mashine imefunikwa kitenge. Kwa picha hiyo hakuna mtu anayeweza kukupa bei. Anayekupa anakisia, au anataka kukununulia kwa bei ya kutupa.

Mimi nauza cherehani zilizotumika na vifaa vyake. Ninayoandika hapa nimeyapata kwa kukaa na mafundi na kufungua mashine kwa mkono wangu, sio darasani. Nimechagua cherehani kwa sababu nyumba nyingi zetu zinayo moja kwenye kona. Ila hatua hizi utazitumia hata kwa saa ya ukutani, redio ya mbao au kasha la kale. Kitu kimoja tu hakimo humu: bunduki. Kama marehemu ameacha bunduki, toa taarifa polisi na ufuate watakavyokuelekeza. Usiiweke stetasi hata kwa kuulizia bei tu. Facebook na Instagram haziruhusu watu kuuziana silaha, na huko nje ni kosa kubwa zaidi.

Twende kazini. Shika hili kwanza: kitu cha urithi kina bei tatu. Kuna bei ya moyoni, ile familia inayoiona kwa sababu mama alikishonea. Kuna bei ya dalali, anayejua una shida na una haraka. Halafu kuna bei ya soko, ambayo mtu anayekihitaji yuko tayari kulipa baada ya kukiona kilivyo. Kazi yako wewe muuzaji ni kuitafuta hiyo ya tatu, na huipati bila kukagua.

HATUA YA 1: JUA MWENYE MALI NI NANI

Kabla ya kushika bisibisi, uliza: hii mashine ni ya nani sasa? Mali ya marehemu sio ya yule anayekaa nayo. Kuna msimamizi wa mirathi, kuna warithi. Kama unauziwa ili wewe ukauze mbele, au unauza kwa niaba ya familia, ongea na msimamizi. Kama familia bado haijateua mtu, waambie wamalize hilo kwanza.

Kuna dada mmoja alikuja dukani na kaka yake na Singer ya miguu ya mama yao. Wanataka iuzwe wiki hiyo hiyo, hela iende kwenye ada. Nikauliza mko wangapi? Wakasema watatu, mdogo wao yuko mkoani na hajaambiwa. Nikawaambia mpigieni hapa hapa nikiwa nasikia, na msimamizi naye athibitishe. Mdogo mtu alinyamaza kidogo, akasema sawa iuzwe, ila yeye abaki na mkasi wa mama. Yakaisha. Simu ile haikuchukua dakika tano. Ingekosekana, mimi ndiye ningeonekana nimenunua mali ya wizi siku mdogo mtu akirudi nyumbani na kukuta kona tupu.

Andika karatasi ya mauziano: majina, namba ya mashine, bei, tarehe, sahihi, mashahidi wawili. Piga picha na uitunze kwenye simu.

HATUA YA 2: USISAFISHE, USIPAKE RANGI

Wengi hapa wanapoteza hela. Mtu anapata Singer nyeusi yenye michoro ya dhahabu iliyofifia, anaikimbiza kwa fundi wa magari ipuliziwe rangi nyeusi inayong'aa. Ameua. Anayenunua kitu cha kale anataka rangi ya kiwandani hata kama imechakaa. Rangi mpya inamfanya ajiulize umeficha nini: ufa, kutu au kipande kilichounganishwa.

Piga picha kwanza ilivyo, na vumbi lake. Halafu futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Uchafu uliogandia ufute kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani. Usitumie spiriti wala tina kwenye ile michoro ya dhahabu. Juu yake kuna vanishi ya kizamani ambayo spiriti inaiyeyusha, na mchoro unaondoka nayo ukiangalia. Hairudi tena.

HATUA YA 3: SOMA NAMBA

Umri haukisiwi kwa sura. Singer nyingi zina namba iliyogongwa kwenye chuma cha kitako, upande wa kulia, karibu na gurudumu la mkono. Ikiwa imezibwa na uchafu, sugua taratibu kwa mswaki mkavu. Usichanganye na namba zilizo kwenye vipuri au kwenye miguu ya chuma. Hizo ni namba za sehemu, sio za mashine.

Namba ya tarakimu tupu, bila herufi, ni ya kabla ya mwaka 1900. Kuanzia 1900 Singer walianza kuweka herufi mbele ya tarakimu, mwanzo herufi moja, baadaye mbili. Herufi hizo zinakuonyesha kiwanda na kipindi. Kwa mfano, zinazoanza na EA, EB, EC na kuendelea zilitoka Clydebank, Scotland, kuanzia katikati ya miaka ya 1930. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980. Baadhi ya mashine zina pia kibao kidogo cha modeli, mfano 15K, 99K au 201K. Hiyo K ni ya Kilbowie, eneo la kiwanda hicho hicho.

Orodha za namba za Singer zipo mtandaoni bure. Ukipata mwaka, uandike kama "miaka ya 1950 mwanzoni", usiandike tarehe kamili. Tarehe kwenye orodha ni ya siku namba zilipotolewa kwa mafungu, na mashine yenyewe inaweza kuwa imetoka kiwandani baadaye.

Namba inasaidia pia kukamata feki. Kuna vichwa vya Kichina vilivyobandikwa stika ya Singer. Butterfly, kwa mfano, ni mashine ya Shanghai iliyotengenezwa kwa kufuata muundo wa Singer 15, kwa hiyo kwa mbali ni mapacha. Butterfly ni mashine nzuri ya kazi, hakuna ubaya kuiuza. Ubaya ni kuiuza kwa jina lisilo lake. Ukikosa namba, au ukiona herufi zimepinda na stika inachunika kwa kucha, andika "haijathibitishwa".

HATUA YA 4: UMRI SIO BEI

Familia ikisikia "1951" inaona mamilioni. Wape hesabu hii kwa upole. Singer ilianza mwaka 1851 Marekani. Mwaka 1913 peke yake, kiwanda cha Clydebank kilitoa mashine zaidi ya milioni moja. Moja ya sababu zimedumu ni kwamba zilikuwa chuma kitupu. Kwa hiyo Singer ya kale sio kitu adimu. Hata zile zenye nembo ya 1851–1951, ya kuadhimisha miaka 100 ya kampuni, zilitengenezwa nyingi sana. Watu wanaziita za pekee, lakini sio za pekee.

Kinachopandisha bei ni hali, ukamilifu, na uzima wa michoro. Mashine ya 1955 iliyokamilika na inayoshona itaishinda ya 1905 iliyokosa nusu ya vipuri.

HATUA YA 5: KAGUA KAMA MNUNUZI MGUMU

Hapa usiwe na haraka. Chukua karatasi na kalamu, kila unachokiona kiandike.

Gurudumu. Lizungushe taratibu kwa mkono, kukuelekea. Likienda laini mzunguko mzima, vizuri. Likigoma mahali pamoja kila mzunguko, kuna kitu kimenasa au kimepinda. Lisiposogea kabisa usipige nyundo, usitie koleo. Mara nyingi ni mafuta ya zamani yamekauka yakawa gundi, hasa kama mtu aliwahi kutia mafuta ya kupikia. Ondoa bobini, angalia kama kuna nyuzi zimejisokota kule chini. Kisha tia tone la mafuta ya cherehani kila kwenye tundu la mafuta na kila chuma kinapokutana na chuma. Iache usiku mzima, rudia kesho. Mashine nyingi "zilizokufa" zinafufuka hivi hivi.

Ufa. Washa tochi, pitia shingo na kitako chote. Kutu ya juu juu inatibika. Chuma cha kumimina kikishapasuka, bei inaanguka na unalazimika kusema.

Meno ya kusukuma kitambaa. Yaguse kwa kidole. Yakiwa makali, yana kazi bado. Yakiwa laini kama kijiko, mashine imeshona sana.

Mchezo wa sindano. Shika chuma kinachobeba sindano, kitikise kulia na kushoto. Kikicheza sana, kimelika.

Bobini na kikopo chake. Hii ndiyo sehemu inayopotea zaidi. Fungua chini uone ni aina gani. Singer 15 inatumia bobini ya duara, na vipuri vyake ni rahisi kupatikana kwa sababu mashine nyingi za Kichina zilifuata muundo huo. Nyingine za zamani, kama 27 na 28, zinatumia bobini nyembamba ndefu inayokaa ndani ya chuma chenye umbo la mtumbwi. Chuma hicho kikikosekana, usiahidi mteja kwamba atakipata dukani.

Meza na miguu. Vuta kila droo. Geuza meza uangalie chini kama mchwa amepita. Kanyaga pedeli uone kama inarudi. Mkanda wa ngozi ukiwa umekatika usikuogopeshe, ni kitu kidogo. Mguu wa chuma uliovunjika ni kitu kikubwa.

Waya. Kama imefungwa mota ya umeme ya zamani na waya umepasuka ngozi, usiuchomeke ili "kujaribu tu". Mpe fundi umeme kwanza.

Jaribio la mwisho. Weka sindano mpya na uhakikishe imekaa upande sahihi, kwa sababu sindano iliyogeuzwa haifungi mshono, na mtu anaweza kuitangaza mashine nzima kama mbovu. Shona karatasi bila uzi, uone matundu yamepangana sawa. Halafu tia uzi, shona kitambaa chepesi, kisha jinzi iliyokunjwa mara mbili. Rekodi video ya sekunde 30 ukishona. Video hiyo itakuuzia kuliko maneno yote.

HATUA YA 6: JUA UNAMUUZIA NANI

Kuna wateja wa aina mbili, na hawaangalii kitu kimoja. Fundi wa nguo anataka mashine inayoshona, isiyoruka, yenye vipuri vinavyopatikana. Michoro ya dhahabu haimsaidii kumaliza sare za shule. Mwingine ni mpenda vitu vya kale, au mwenye mgahawa na nyumba ya wageni anayetaka pambo. Huyu anaangalia rangi, michoro, nembo, miguu ya chuma na droo zenye nakshi. Hata isiposhona anaweza kununua, ila ukiipaka rangi umemfukuza.

Mashine inayoshona vizuri lakini imechubuka, mpelekee fundi. Nzuri kwa sura lakini imekosa vipuri, mpelekee wa mapambo. Ikiwa na vyote viwili, hapo ndipo bei inasimama.

HATUA YA 7: PIGA HESABU

Tafuta bei za mashine tatu zinazofanana na yako mjini kwenu, zilizouzwa kweli. Bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji. Uliza mafundi ziliuzwa ngapi. Toa gharama ya matengenezo, toa vilivyokosekana, toa usafiri kama ni wewe unayebeba.

Ile Singer ya wale ndugu ilikuwa 15K, namba ya EH, miaka ya 1950 mwanzoni. Mjomba wao alisema isiuzwe chini ya milioni tano kwa sababu "ni ya mkoloni". Dalali alikuwa ameshafika nyumbani na elfu sitini mkononi. Tulikagua: imekaza kwa mafuta makavu, kikopo cha bobini hakipo, mkanda umekatika, droo moja imeliwa na mchwa. Kichwa hakina ufa, meno makali, michoro iko vizuri. Mafundi wawili wakaniambia ya aina hiyo ikiwa inashona inakwenda kama laki tatu na nusu hapa kwetu. Matengenezo yalikula elfu arobaini na tano. Droo nikaipunguzia elfu ishirini. Nikaitangaza kwa laki mbili na themanini na tano, ikatoka kwa laki mbili na sabini kwa mama mmoja anayeshona sare.

Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti, chukua njia ya hesabu. Ona pengo: elfu sitini ya dalali na laki mbili na sabini ya soko. Lililoziba pengo hilo ni siku mbili za mafuta, kikopo kimoja, mkanda mmoja na karatasi ya ukaguzi. Kwa familia inayotafuta ada, hiyo sio hela ndogo. Na wangesubiri milioni tano ya mjomba, mchwa angemaliza meza yote.

HATUA YA 8: JIHADHARI NA "ZEBAKI NYEKUNDU"

Atakupigia mtu, sauti ya heshima, atauliza kama una Singer ya zamani. Atasema ndani yake kuna zebaki nyekundu yenye thamani ya mamilioni, eti ukisogeza simu karibu mtandao unakatika. Uvumi huu uliwahi kuvuma Saudi Arabia mwaka 2009, watu wakagombania cherehani za bibi zao kwa bei za ajabu, mpaka polisi wakaingilia. Ndani ya Singer kuna chuma, mafuta na vumbi la nyuzi. Zebaki hamna.

Mchezo uko hivi: utaambiwa utume hela ya "vipimo" au ya "kibali", ukituma namba inazimwa. Au wewe ndiye utauziwa mashine mbovu kwa bei ya juu kwa matumaini kwamba kuna tajiri anaisubiri. Mteja wa kweli anauliza inashona au haishoni. Anayeuliza zebaki, mblok.

HATUA YA 9: ANDIKA TANGAZO LA UKWELI

Usiandike "Singer ya kale, hali nzuri sana, njoo inboksi". Andika hivi:

"Singer 15K ya miguu, ya Clydebank, miaka ya 1950 mwanzoni. Inashona, video ipo, imejaribiwa kwenye kitambaa chepesi na jinzi. Michoro ya dhahabu ya asili, haijapakwa rangi. Kikopo cha bobini na mkanda ni vipya. KASORO: droo ya kushoto imeliwa na mchwa, kutu kidogo kwenye pedeli. Bei 285,000, maongezi kidogo. Karatasi ya mauziano itatolewa."

Picha ziwe nane za mchana: mbele, nyuma, namba, michoro, chini kwenye bobini, miguu, droo, na kasoro kwa karibu. Ukiionyesha kasoro mwenyewe, mteja anakuja akiwa ameshaikubali. Akiigundua yeye baada ya kulipa nauli, hata yale mazuri uliyosema hataamini.

KWA UFUPI

Mwenye mali kwanza. Picha kabla ya kitambaa. Namba, sio hadithi. Gurudumu, ufa, meno, bobini, meza, jaribio. Mteja gani. Hesabu. Tangazo lenye kasoro zake.

Ukipewa kitu cha urithi ukiuze, umepewa pia jina la mtu ambaye hayupo kujitetea. Familia isikuone umewapunja, na mteja asikuone umemdanganya. Hifadhi somo hili, mtumie na mwenzako anayeuza vitu vilivyotumika. Wenye mashine ndani, leo mchana kabla jua halijazama, nendeni mkasome namba.